Tathmini Hailipwi Kadha

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, ambaye malaika Wake huandika jema la mja papo hapo, bila kungoja mwisho wa mwaka. Namshukuru kwa umri, kwa afya, na kwa kazi niliyoimaliza salama.

Siku ya kwanza niliporipoti kazini Bagamoyo, afisa utumishi mkuu hakunipa kiti. Alinipeleka masjala, akanionyesha rafu.

"Unaona nini?"

"Majalada, mzee."

"Hapana. Hizo ni riziki za watu. Ukilala wewe, kuna mwenzio hatakula."

Vijana wa leo mnafanya tathmini kwenye kompyuta. Sisi tulikuwa na fomu. Mwanzo wa mwaka mtumishi na msimamizi wake huandikiana malengo, katikati huyapitia, na mwisho hukaa ana kwa ana, msimamizi akatoa alama na wote wawili wakatia saini. Bila hiyo hakuna nyongeza ya mshahara, wala kupanda daraja. Kazi yangu ilikuwa kufuatilia zilizochelewa. Nyingi zilichelewa kwa uvivu, au kwa sababu msimamizi alihamishwa. Hii ninayoisimulia ilichelewa kwa adabu.

Nilipopangiwa vituo vya vijijini, nilikuwa nikienda zahanati moja ya bara, ukishapita Fukayosi kuelekea Msata. Jina lake naliacha. Alikuwapo mkunga, Bi Mwanaidi, aliyebakiza miaka mitatu astaafu. Aliishi nyumba ya serikali, na kwenye kiwanja chake Mapinga alikuwa amekwisha kusimamisha kuta. "Daraja likipanda, napaua," aliniambia. Rangi ya bati alikuwa ameshaichagua.

Msimamizi wake alikuwa mganga mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, kijana mzaliwa wa kijiji hicho hicho. Fomu za watumishi wengine zilinifikia. Ya Bi Mwanaidi haikuja. Nikamfuata ofisini.

"Mzee wangu," alisema akiinamisha kichwa, "yule mama ndiye aliyenipokea nilipozaliwa. Leo nimkalishe hapo nimwambie, 'Mama, kwa kuwahi kazini nakupa tatu'? Kijiji kitanionaje?"

Bi Mwanaidi alikuwa mlangoni na beseni la vifaa. "Nipe hata mbili, mwanangu, mradi uandike!"

Kijana akasimama wima. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Shikamoo zako nimeshiba. Lete alama!"

Tulicheka sote watatu. Kijana akaahidi kuifanya wiki ijayo, inshallah.

Wiki hiyo haikufika. Nilimwomba mkuu wangu tumpe mama msimamizi mwingine.

"Kanuni haina haya," akanijibu. "Msimamizi wake ni yule yule. Rudi ukamwambie."

Nilirudi mwaka ule, na uliofuata, na wa mwisho. Kila nilipokwenda nilikuta heshima tele na fomu tupu. Mama alipobakiza wiki chache, kijana alijifungia akajaza miaka yote mitatu kwa mkupuo, alama za juu kila mahali, kisha akampelekea mama atie saini. Nilizipeleka mjini nikiwa na matumaini. Mkuu wangu alizisoma, akavua miwani.

"Swala ikikupita, utailipa. Saumu utailipa. Tathmini hailipwi kadha. Hapa hakuna malengo ya mwanzo wa mwaka, hakuna mapitio. Watazikataa."

Zilikataliwa. Bi Mwanaidi akastaafu na daraja lake la zamani, na pensheni hufuata mshahara wa mwisho.

Kwenye hafla ya kumuaga, mganga mfawidhi alizungumza huku analia. Alieleza jinsi mama alivyovuka maji ya masika kumfuata mzazi, jinsi alivyowafundisha kazi wauguzi wote pale, jinsi ambavyo hakuwahi kumfokea mgonjwa. Nilisikiliza nikiikumbuka ile fomu. Kila alilolisema lilikuwa na nafasi yake mle.

Bi Mwanaidi alimpangusa machozi kwa ncha ya kanga. "Haya ndiyo niliyotaka uyaandike, baba," akamwambia. "Mbona unayajua yote?"

Sasa nami nimestaafu. Nasikia hata hizo tathmini za kompyuta huchelewa, na wenye kungoja huambiwa wasubiri. Subira ni ibada, nami nimeishi kwayo. Lakini sijaona subira ya mtu iliyompandisha daraja.

Nikienda Dar es Salaam, basi hupita Mapinga. Kuta zile zimeota kuvu, na ndani yake umemea mpapai uliokwisha kupita kimo cha ukuta. Mwenyewe amepanga chumba jirani. Nikimjulia hali, husema alhamdulillah, na wala hamtaji kijana kwa ubaya.

Ewe unayesoma, Mwenyezi Mungu akubariki katika riziki yako. Akujaalie wakubwa wanaokuheshimu kwa kalamu, na kama mkubwa ni wewe, akuondolee haya mkononi ungali na muda. Amina.