Nilimsingizia Mungu ili Nipate Kulala

Wapendwa, nimekosa. Na msianze kuniambia kwamba ni shetani alinipitia, maana shetani wa watu siku ile alikuwa na shughuli zake. Ni mimi mwenyewe, na akili zangu timamu, na kitenge changu kizuri cha kanisani.

Mniite Mama Neema, ingawa siyo jina langu. Nakaa Sakina, mume wangu ni fundi magari, watoto tunao wanne. Na kanisani mimi ni mtu, msinione hivi! Kwaya nipo. Umoja wa wanawake nipo. Jumuiya ya alfajiri ikifika kwangu, chai na maandazi natoa mimi. Ugeni wa mkuu wa jimbo ukija, pilau anapika nani? Nikitoka hapo narudi nyumbani nakuta sare za shule hazijafuliwa, mdogo ana homa, na mume ananiuliza chakula bado.

Nilikuwa nimechoka jamani. Nilifika mahali naimba kwaya nimefumba macho, watu wanadhani nimeguswa na Roho, kumbe nasinzia.

Kwetu huku, mwanamke ana ruhusa ya kulala mchana wakati mmoja tu: akijifungua. Hapo utawekwa ndani, utaletewa mtori wa ndizi na supu, mtoto ataogeshwa na wengine, ukitaka kushika hata mwiko utagombezwa. Muda huo ukiisha, basi, mpaka mimba nyingine. Nakiri kwamba kuna siku nilikaa nikaifikiria mimba ya tano kwa ajili ya ule usingizi tu. Yesu wangu!

Mtasema, si ungesema umechoka? Nilisema! Nilimwambia Baba Neema, naye akanijibu kwa upendo kabisa, "Pole mke wangu. Hivi ile ovaroli yangu imekauka?" Nilimwambia mama mchungaji, akanishika mkono, akasema, "Mpendwa, ongeza maombi."

Basi nikaongeza maombi.

Jioni moja nilimwambia mume wangu kwamba nimesukumwa moyoni kwenda kufunga na kuomba siku tatu, kule juu mlimani Meru, mahali pa maombi ambapo simu haziruhusiwi. Nilitegemea vita. Mtu huyu nikimwomba nusu saa niende saluni, anauliza watoto atamwachia nani! Lakini aliposikia maombi alikuwa mpole ghafla.

"Mungu akikuita, mimi ni nani?" akasema. "Ila usiisahau gereji. Mwezi huu magari hayaji."

Mama mkwe akaitwa ashuke kutoka shambani kwake aje akae na watoto. Akafika na mkungu wa ndizi na dumu la maziwa ya mgando ya kupikia chakula chetu cha loshoro.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nenda, nenda. Ukifika huko ulitaje goti langu, hili la kushoto."

Getini nikakutana na jirani yetu, nitamwita Mama Ebenezer. Alikuwa amepanga vyumba vya uani nyumba ya pili, ng'ambo ya uzio wetu, mdogo kwangu, mumewe yuko machimboni Mererani na anarudi anapojisikia. Ana watoto watatu, wa mwisho bado ananyonya. Siku hiyo alikuwa naye mgongoni, mwingine ameng'ang'ania sketi.

"Dada, nimesikia unapanda mlimani. Mimi sina mengi. Mwambie tu nimechoka, anipe nguvu."

Nikamwitikia amina, nikapanda bodaboda.

Tulipofika barabara kuu kijana wa bodaboda akaniuliza, "Mama, tunapandisha?" Nikamwambia tunashuka mjini, nipeleke gesti moja Kaloleni.

Gesti yenyewe ni ya kawaida, haina makuu. Dada wa mapokezi aliniangalia, akauangalia na mfuko wangu wenye Biblia na kandambili.

"Uko peke yako, mama?"

"Peke yangu."

"Mgeni wako atakuja baadaye?"

"Sina mgeni."

Hakuamini hata kidogo. Wapendwa, niwaambie ukweli, mwanaume ndicho kitu cha mwisho nilichokuwa nakihitaji. Angetaka chai!

Nikalala. Sijui niueleze vipi usingizi ule. Nililala na viatu, nikaamka nikavivua, nikalala tena. Nilipopata njaa niliagiza chipsi mayai, nikala zote bila mkono wa mtoto kuingia kwenye sahani. Huo ndio uliokuwa mfungo wangu.

Siku ya pili mchana nilifungua pazia, na Mlima Meru ulikuwa hapo dirishani, mweupe wa mawingu juu, mahali pale pale ambapo watu wote walijua nipo magotini. Aibu ilinishika. Nikakaa kitandani, nikasema, "Mungu, asante kwa shuka safi. Nisamehe. Nilikuwa sina uhakika kama bado upo."

Basi, hayo tu. Nilikuwa nimeomba kwa miaka mbele za watu, naongoza vipindi, nafungua vikao, nafunga vikao. Lakini sala ya kweli sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini. Nilihisi kama kuna mtu amekaa karibu nami na hana haraka, wala hataki nimpikie chochote. Nikalia kidogo, nikalala tena.

Goti la mama mkwe sikulitaja. Gereji sikuitaja. Na Mama Ebenezer, Mungu anisamehe, sikumkumbuka hata mara moja.

Nikarudi nyumbani. Ole wangu! Ningerudi nimekunjamana kidogo ingesaidia, lakini nilirudi nimenawiri.

"Mmeuona uso wake?" mama mkwe akawaita watoto. "Mmeona unavyong'aa? Huyu amekutana na Mungu!"

Kumbe goti nalo lilikuwa limepoa. Na siku ile ile gari la watalii lilikokotwa hadi gereji kwa Baba Neema, injini imekufa, kazi ya wiki nzima. Vyote vikaandikwa kwa jina langu. Kufika Jumapili habari ilikuwa imeenea usharika mzima, na mama mchungaji akanifuata: "Mpendwa, usiukalie ushuhuda."

Kwenye kikao cha umoja wa wanawake nilikusudia kusema maneno mawili nikae. Lakini wanawake wamekukodolea macho vile, wengine wameshaanza kulia kabla hujafungua mdomo, utafanyaje? Nikasema sikuonja hata maji. Nikasema njaa sikuisikia, usingizi haukuja, na nguvu zilinishukia mpaka mifupani. Vigelegele! Nililia machozi ya kweli, maana nilikuwa nakumbuka kile kitanda. Ile sala ya shuka niliiacha, niliona ni fupi mno na haina heshima.

Malipo yakaja hapo hapo. Wakanichagua kuwa kiongozi wa maombi! Sasa ukiacha kwaya na pilau, nina mikesha, nina mifungo ya kuongoza, nina wagonjwa wa kutembelea. Nilikwenda kutafuta usingizi, nikarudi na cheo.

Hayo yote ningeweza kuyacheka mpaka leo. Linalofuata silicheki.

Siku chache baadaye nilikuwa naanika nguo uani, Mama Ebenezer akaja na mtoto wake mgongoni. Macho yalikuwa yameingia ndani.

"Dada, ule ushuhuda wako sijaacha kuuwaza. Na mimi nikifunga siku tatu nitapata nguvu kama zako?"

Ukweli ulinifika mdomoni. Tulikuwa wawili tu, na nguo zimetukinga. Ningemwambia, angecheka, tungecheka wote. Lakini nilikuwa kiongozi wa maombi.

"Funga, mdogo wangu. Ukiamini utapata."

"Na huyu anayenyonya?"

"Mungu anajua," nikamwambia, nikaendelea kubana nguo.

Mungu alijua, ndiyo. Na mimi pia nilikuwa najua.

Siku ya pili ya mfungo wake, jua la mchana, Neema alikuja mbio jikoni. "Mama! Mama Ebenezer ameanguka bombani, na mtoto mgongoni!"

Nilimkuta amelala chini, ndoo imemwagika, khanga imelegea, mtoto yuko kwenye maji hayo analia mpaka sauti imekauka. Sijui tulifikaje hospitali. Ninachokumbuka ni bajaji na mimi nimempakata yule mtoto, ana uvimbe kwenye paji la uso, namwambia Mungu achukue chochote changu, chochote, ila huyu amwache.

Mtoto walimpima, wakamwangalia mpaka jioni, wakasema yuko salama. Mama yake akatundikiwa dripu. Muuguzi alitoka amekasirika.

"Nani alimwambia huyu afunge bila hata maji, na ananyonyesha? Nani?"

Nikampita, nikaingia kukaa naye.

Alipofumbua macho nilikuwa nimekaa pembeni yake. Kitu cha kwanza alichosema, wapendwa, ndicho kinachoniamsha mpaka leo.

"Dada, nisamehe. Nimekuaibisha. Wewe uliziweza siku tatu, mimi mbili zimenishinda. Imani yangu ni ndogo."

Sikuweza tena. "Mama Ebenezer, mimi sikufunga. Sikufika hata mlimani. Nilikuwa gesti, Kaloleni. Nilikula chipsi mayai, nikalala."

Akainua kichwa kwenye mto.

"Ulilala?"

"Nililala."

"Na mchana?"

"Na mchana."

Akageukia ukutani. Nilidhani ndiyo basi, lakini akasema, bila kunitazama: "Ungeniambia hivyo ile siku unaanika nguo, dada, ningekuomba unishikie mtoto nikalale. Nilikuwa nataka hicho tu."

Nilikuwa ng'ambo ya uzio wa michongoma. Kutoka mlangoni kwangu hadi kwake hata kandambili huhitaji kuvaa!

Jioni ile nikawaambia wote nyumbani. Baba Neema hakuniuliza kwa nini nilichoka, aliniuliza huyo mwanaume ni nani. Tulikaa wiki kadhaa hatusemezani, mpaka akaenda mwenyewe gesti kuchunguza. Akarudi mdogo. Dada wa mapokezi alimwambia, "Baba, yule mama alikuwa anakoroma tu, hadi chumba cha pili walilalamika."

Mama mkwe, ambaye hakuwa amerudi shambani, alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa nini hukusema umechoka, mwanangu?"

"Mama, ningesema mngeniacha nikalale?"

Akakaza khanga yake kiunoni, akafikiri. Ni mwanamke mkweli. "Tusingekuacha," akasema. Halafu akauliza, "Na goti?"

"Sikuliombea, mama."

"Mbona limepona?"

"Sijui, mama."

"Basi hilo tusiwaambie watu."

Kwenye umoja wa wanawake nilisimama pale pale nilipotolea ushuhuda, nikasema yote, hata chipsi. Hakuna aliyepiga kigelegele. Cheo nikavuliwa, na hicho sikukililia. Wapo ambao mpaka leo nikifika bombani wananyamaza. Nastahili.

Ila niwape na hili. Wiki ile ile mmoja alinivuta pembeni ya kanisa, akaangalia huku na huku. "Hivi ile gesti, inaitwaje?" Akaja wa pili. Akaja mama mchungaji mwenyewe, eti anauliza kwa ajili ya rafiki yake.

Mama Ebenezer alipotoka hospitali, mama mkwe hakumwuliza mtu. Alimweka ndani kama mzazi mpya, ingawa mtoto alishafikia kukaa. Mapazia yakashushwa, mtori ukapikwa, watoto wake wakahamia kwangu, na huyu anayenyonya alikuwa anapelekwa kwake, ananyonya, anarudishwa. Nilimbeba mgongoni nikipika, nikifua, nikichambua mchele. Nikimbeba nilikuwa narudia ile sala yangu ya shuka, sasa namwombea mama yake, na kila nikiisema naona bado kuna mtu amekaa karibu, hana haraka.

Siku moja saa nane mchana mlango ukafunguliwa, Mama Ebenezer akatoka uani. Shavuni alikuwa na mikunjo ya mto. Alisimama juani anapepesa macho.

"Nimelala," akasema, kama mtu anayesimulia muujiza.

Nikampa mtoto wake. Akampokea, akasema, "Asante, Mama Neema."

Zamani aliniita dada. Hajaniita hivyo tena, na mimi simdai.

Kwa hiyo wewe mama unayesoma hapa, ukiwa tayari umeshapanga kuaga unakwenda kwenye maombi, nakusihi. Kama unakwenda kulala, sema unakwenda kulala. Wakatae, wagombe, wanune, lakini usimsingizie Mungu, maana kuna mwenzako anakuamini na ana mtoto mgongoni. Na kwenu mnaopenda kutuambia tuongeze maombi: mwanamke akikuomba umwombee nguvu, kabla hujafumba macho, mpokee mtoto.

Mimi niliombwa hivyo getini kwangu. Nikaitikia amina, nikapanda bodaboda.