Kelele Kwenye Kipaza Sauti cha Baba

Mwanangu, weka bisibisi hiyo chini kwanza. Nakumbuka siku moja hapa hapa mtaa wa Katoyi, siku ya kumtoa dada yangu Riziki aende kwa mumewe, na wageni wa upande wa mume walikuwa wameshaondoka Rutshuru kuja kwetu. Baba alikuwa ameugua koo, akabakiwa na sauti ya kunong'ona tu. Hata hivyo aliapa kwamba maneno ya kumtoa binti yake atayasema mwenyewe. Bila kipaza sauti, nani angemsikia?

Na amplifaya yetu, ukigusa tu kifundo cha kuongeza sauti: krrr! Kuku walitawanyika uani.

Nilikuwa najifunza ufundi kwa Papa Batumike, na siku hiyo nilijiona fundi kamili. Nikasema ni vumbi. Sisi wa Goma tunalisingizia vumbi jeusi la volkano kwa kila kitu! Nikafungua, nikapuliza, nikasafisha kwa spiriti, nikazungusha kifundo huku na huku. Krrr! Basi nikaamua kwamba utepe wa kaboni ulio ndani yake umelika. Utepe ukilika, kelele huja kifundo kinapofika mahali pamoja tu. Hii ilikuja popote nilipokizungusha, lakini haraka ilinizidi. Nikafunga kifundo kipya. Krrr! Machozi yakanilenga. Nikanyoosha mkono nichukue kingine.

Papa Batumike alikuwa pembeni na chai yake.

"Weye mutoto, acha! Ile iko mupya na inalia. Kosa haiko kwake. Angalia nani anamutumia umeme."

"Lakini Papa, bageni bako mu njia!"

"Njo maana nasema angalia."

Nikafuata waya kurudi nyuma. Kabla ya kifundo kuna kondansateri, kidude kinachopitisha sauti na kuzuia umeme usiotakiwa. Kilikuwa kinavuja! Umeme ule ulipenya hadi kwenye kifundo, na kila nikizungusha unakwaruza. Nikakibadilisha, nikazungusha. Kimya! Mwanangu, kimya kitamu namna ile sijakisikia tena. Nikaruka, nikamkumbatia Papa Batumike, chai yote ikamwagika, naye akacheka mpaka akakohoa.

Wageni wakaingia. Baba akashika maikrofoni, akanong'ona, na ua mzima ukamsikia: "Riziki, enda na amani. Kule unaenda, wakusikie." Mama akapiga vigelegele huku analia.

Basi, mwanangu, hicho kifundo unachotaka kutupa, kisafishe kwanza. Kama kimelika, badilisha. Ila kipya nacho kikilia, acha kukilaumu. Rudi nyuma kwenye waya, uliza kinaletewa nini. Na siku mtoto wako atakapokupigia kelele, fanya vivyo hivyo.

Baba hayupo tena, lakini baraka yake ninayo, na leo nakupa wewe: enda na amani, mwanangu, na kule unaenda, wakusikie.