Siku Tuliyoshindana Kulima Jirani Hajazikwa

Jamani, hii aibu nilikuwa nimepanga kufa nayo, lakini mmenibana na soda zenyewe mmenunua ninyi, basi nawaambia, ila mkicheka chekeni kidogo, maana mimi mwenyewe mpaka leo sijaweza.

Mnajua nilirudi kijijini, kule upande wa Rubya, kumwuguza mama. Miguu imevimba, hatembei, na hospitali wameshasema tumtunze nyumbani (mnaelewa maana yake). Jumamosi moja Deo na Audax, niliosoma nao sekondari, wakaja kutoka Bukoba mjini kumjulia hali, na sukari na sabuni mkononi. Mama akasalimiwa, akachoka, akalala. Sisi tukatoa viti nje, tukawa tunatafuna punje za kahawa kama desturi yetu na kukumbushana vibarua vya ujana, Deo alivyobeba ndoo za dagaa mwaloni kule ziwani mpaka shingo ikapinda, mimi nilivyochuma kahawa za watu likizo nzima. Hapo Audax, ambaye anautaka udiwani (hata akipiga chafya utadhani yuko jukwaani), akasema yeye ada alijilipia kwa jembe, kwa hiyo machungu ya mkulima anayajua yeye.

"Jembe gani?" nikamwuliza. "Si ulikuwa unauza maandazi ya mama yako bwenini?"

Siasa ikawaka: bei ya kahawa, mbolea, nani katuuza na nani bado anatafuta mteja wa kutuuza. Katikati ya kelele hizo nikasikia hodi. Alikuwa binti wa Ta Felisiani, mzee jirani yetu wa bondeni, kajifunga khanga kiunoni. Hata hajafungua kinywa vizuri nikamkatisha, "Mama amelala na tuna wageni, njoo jioni." Akaniangalia, akaangalia viti vyetu, akaondoka. Macho yalikuwa mekundu na mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, sikujiuliza kitu, nikarudi kwenye ubishi wangu.

Deo akasema maneno yametosha, majembe yale pale ukutani. Tukapimiana sehemu iliyokuwa inangoja maharage, nikavua shati (na tumbo hili mnaloliona), Deo akashika sufuria akawa anapiga na kutangaza kama mpira wa redioni. Audax anahema, mimi namzomea, naimba kabisa, najiona kijana. Niliposimama kujifuta jasho nikaona wanaume wamejipanga mwisho wa kibanja, pale migomba yetu inapoishia. Mwenyekiti wa kitongoji ndiye aliyesema.

"Ta Felisiani amefariki asubuhi. Binti yake kaja kuwaambia, umemfukuza. Sasa unalima, na ngoma unapiga?"

Ninyi mliokulia mijini niwaeleze. Kwetu mtu akifa hakuna anayegusa jembe mpaka azikwe, isipokuwa la kuchimbia kaburi. Ukilima umewaambia wafiwa kwamba mtu wao si kitu, na siku ya msiba wako kijiji kinakaa nyumbani, unabaki na maiti yako.

Mama alikuwa amesikia yote dirishani. Mama ambaye hajawahi kukosa msiba wa mtu pale, anafika na ndizi kichwani na majani ya kutandika kabla jua halijachomoza. Akasema neno moja tu, "Nibebeni."

Tukambeba kwenye kiti cha plastiki mpaka msibani, mimi na Deo, Audax nyuma amebeba viatu vya mama (udiwani wake msiniulize). Mbele ya kijiji kizima akashuka kwenye kiti, akakaa chini na ile miguu yake.

"Waitu, ndugu zangu, mtoto wangu hana akili. Nisameheni mimi."

Mimi niko pale na matope mpaka magotini, ndevu nyeupe, naombewa msamaha na mgonjwa. Mjane akamshika mama mkono. "Wewe tumekusikia, Ma Tereza," akasema. "Huyo hatumjui."

Nikaenda walipokuwa wanachimba, nikaokota jembe. Kijana mmoja akalitoa mkononi mwangu taratibu, akafuta mpini kwa jani, akampa mwingine. Hakuna aliyenigombeza. Afadhali wangenipiga.

Nimelipa mbuzi na debe la rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, wakavipokea, wakala, wakanywa, hawakunikaribisha. Kila msiba sasa nafika wa kwanza na mkungu wangu, mkungu wanaupokea, mimi nasimama pembeni kama nguzo ya umeme. Na ubishi wa siasa nimeapa, hata leo hapa mkianza nanyanyuka naondoka.

Mama siku hizi hali chakula, anangoja tu nirudi. Juzi nimetoka kuzika, akaniita kitandani.

"Leo wamekupa jembe?"

Nikamwambia wamenipa, tena nimechimba mpaka mwisho. Akasema asante Mungu, akageukia ukutani, akalala.