Nilimeza Vidonge vya Siku Nne Ili Nimkomeshe Wifi

Kosa ni langu. Nimetafuta sana wa kumsukumia nikakosa, ingawa yupo mmoja ninayemchukia mpaka leo. Huyo ni wifi yangu.

Mume wangu alipofariki nilishikwa na wasiwasi wa ajabu. Moyo unadunda, mikono inatetemeka, hata chai naimwaga. Daktari akaniandikia vidonge: kimoja asubuhi, kimoja jioni, kila siku. Akanieleza kwamba havilazi usingizi, na kwamba vinafanya kazi taratibu, baada ya wiki kadhaa. Mimi nikashika hilo la usingizi tu. Nikajisemea, dawa isiyolaza mtu ina ukali gani?

Wifi akaviona kwenye mkoba wangu. Basi! Igogo nzima, mtaa wa ukweni, ikaambiwa nimekuwa chizi, na binti yangu wa miaka sita hawezi kulelewa na chizi. Ukoo ukaitisha kikao.

Nilifurahi! Kwenye simu ya marehemu kulikuwa na meseji. Mume wangu anamwomba dada yake aje hospitali amwone, yeye anajibu ana shughuli. Mara tano! Nilitaka kuzisoma mbele ya wazee, moja baada ya nyingine, huku namkazia macho. Kueleza tu kwamba naweza kumlea mwanangu hakukunitosha. Nilitaka wifi akose pa kuficha uso.

Lakini mikono hii! Hapo ndipo nilipopata akili ya kijinga. Siku nne sikumeza kitu, nikaviweka vidonge akiba kama nguo ya sikukuu, ili nivimeze kwa pamoja siku ya kikao mikono itulie. Wasiwasi ukanirudia wote, nikauvumilia. Asubuhi ya kikao nikavibugia vyote nane, nikatoka kwangu Igoma kwenda ukweni Igogo kifua mbele.

Nikamwamkia baba mkubwa wa marehemu, akaitikia, nikaketi. Zamu yangu ikafika, nikasimama na simu. Jamani! Herufi zinacheza, sebule inazunguka, ulimi mzito. Nilitoa neno moja tu, "Wifi," halafu nikatapika kwenye kitenge cha mama mkwe na kuanguka palepale.

"Si niliwaambia?" wifi akasema. Hata sauti hakuipandisha.

Baba mkubwa akaguna. "Mtoto akae kwa shangazi yake kwanza, mpaka mama yake apate nafuu."

Nilimkabidhi mwanangu mwenyewe, kwa mdomo wangu huu uliobugia vidonge!

Daktari alinigombeza kama mtoto. "Mama, dawa hii haiwekwi akiba. Ukiiruka haikusaidii, ukiirundika inakudhuru. Una bahati uko hai."

Ndugu yangu unayesoma, kama umeandikiwa kimoja, meza kimoja. Ukisahau, usifidie kwa kurundika, muulize aliyekuandikia. Na usimeze dawa kwa ajili ya kumkomoa mtu. Dawa haijui adui yako ni nani, inakupiga wewe.

Sasa nameza inavyotakiwa na mikono imetulia. Nimeomba kikao kingine, wananizungusha. Usiniambie nisamehe! Siwezi.

Jumapili nilikwenda Igogo kumwona binti yangu. Alisimama mlangoni, hakunikimbilia kama zamani. Wifi alikuwa nyuma yake, ameshika mabega yake.

"Mama," mtoto akaniuliza, "leo umemeza ngapi?"

Maneno hayo si ya mtoto wa miaka sita. Nilipiga magoti nikamjibu, "Kimoja, mwanangu. Kimoja tu." Akageuka kumtazama shangazi yake kwanza, aone kama aniamini.