Kituo cha Ng'ombe Wasiotembea

Siku yangu ya kwanza kazini, bwana mifugo mkuu wa wilaya alinitupia buti za mpira na kuniambia twende Machame, juu mlimani. Nilikuwa daktari mpya wa mifugo, msichana wa Rombo, nimevaa sketi ya kukaa ofisini. "Huku ng'ombe hakufuati," alisema. "Unamfuata wewe." Ng'ombe wa mlimani hukaa bandani, ndani ya kihamba, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa. Majani analetewa, maji analetewa. Wengi huzaliwa na kufa bila kukanyaga barabara.

Miaka ya ruksa, biashara huria ilipofunguliwa na serikali ikajitoa kwenye tiba za bure za mifugo, ukaja mradi wa kituo cha kisasa cha mifugo. Niliitwa kwenye kikao cha ramani. Ilipendeza, sikatai: chumba cha upasuaji, maabara, mabanda ya kulaza wanyama. Lakini sikuona mahali pa pikipiki hata moja. Nikauliza nani atapanda mlimani. Mkurugenzi wa mradi akacheka, eti hospitali ya kisasa mgonjwa huja mwenyewe. Nilibisha mpaka nikaambiwa nikae chini. Kituo kilipofunguliwa, amri ikatoka kwamba hakuna tena kutibu majumbani.

Mama Aikande alikuwa mjane, anasomesha watoto kwa maziwa ya ng'ombe mmoja. Siku moja ng'ombe huyo akashikwa na uchungu, ndama akakwama. Habari iliponifikia niliomba dawa na kamba za kuvutia ndama, mkurugenzi akagoma kufungua stoo. Nikapanda mikono mitupu. Niliwakuta njiani majirani waliokuwa wakimsukuma kwenda kituoni mnyama ambaye hajawahi kuona mteremko. Alikuwa ameteleza kwenye mfereji, amevunjika nyonga. Akafa pale pale, na ndama tumboni.

Mama Aikande alikaa kwenye tope, akaniuliza taratibu, "Daktari, mbona zamani mlikuwa mnakuja?"

Mkurugenzi aliwaambia wakubwa zake kwamba ng'ombe alikufa kwa sababu wafugaji hawana elimu. Hawana elimu!

Sasa nimestaafu, na ninyi vijana mnaniletea michoro ya vituo vipya niisifie. Nendeni kwanza mkalale kwenye vihamba. Huku Uchagani, aliyemkosea mwenzake huchuma jani la isale, akalipeleka mlangoni kwa huyo mwenzake kuomba msamaha, na halikataliwi. Isale imeota kwenye kila mpaka wa shamba, haiuzwi. Mkurugenzi yule alikuwa akipita na gari lake mbele ya nyumba ya Mama Aikande mpaka mradi ukaisha. Mama wa watu amezikwa, na jani hakuletewa.