Fahali wa Mahari Aliyevuka Karantini

Siku ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, ni siku ya soko pale Ruiri ambayo hapakuwa na ng'ombe hata mmoja. Watu walikuwa wamejaa, vumbi liko, wauza chai wako, lakini zizi la mnada lilikuwa tupu na mlangoni amesimama askari na bunduki. Chifu akapanda juu ya jiwe akasema kuna kimeta, ugonjwa wa mifugo. Ng'ombe asitoke Ruiri, asiingie. Atakayekufa asichunwe wala asiliwe, afukiwe ndani sana na chokaa. Bucha za Ruiri zifungwe mpaka daktari wa mifugo aseme. Kisha akashuka, akapanda gari lake akaenda.

Hakutuambia kwa nini asiliwe. Hakuna aliyemuuliza. Hilo ulishike, nitalirudia.

Mimi nilisoma darasa la tatu nikaacha, na bucha ninazomiliki leo sikupewa na mtu. Lakini wakati huo nilikuwa kijana tu, nakata nyama Makutano kwa Mzee Hamisi, Mwislamu wa mjini aliyenifundisha kisu. Ndiye aliyenituma Ruiri kununua ng'ombe siku hiyo. Nikarudi mikono mitupu, nimenuna, naitukana serikali njia nzima.

Mzee Hamisi alinisikiliza mpaka nikamaliza. Akasema, "Umeshiba matusi?"

"Lakini Mzee, tutauza nini?"

"Tutauza subira. Fagia bucha."

Sasa, kaka yangu mkubwa, Kirimi, alikuwa anaoa. Msichana alikuwa Kagendo wa Githongo, kule kwenye kahawa, na siku ya kupeleka mahari ilikuwa imeshapangwa. Asali ilikuwa tayari, kondoo tayari, blanketi ya mama mkwe tayari. Fahali naye, yule wa kuchinjwa kwa wakwe siku hiyo, alikuwa tayari, ila alikuwa Ruiri, nyumbani kwetu, ndani ya karantini.

Utasema si angenunua mwingine? Nasi tulimwambia hivyo. Wazee wetu walikaa naye wakakubaliana atafute fahali huko huko Githongo. Lakini baba yake Kagendo, Mzee M'Rintari, alikuwa amekuja kwetu miezi ya nyuma kumwona huyo fahali. Alimpapasa mgongo, akamwangalia meno, akacheka, akasema huyu ndiye. Na kwetu, mnyama aliyepapaswa na mkwe habadilishwi. Ukileta mwingine umemwambia kwamba yule mzuri umemwekea mtu wa maana zaidi. Hata kama mdomoni anakubali, moyoni ameweka jiwe, na binti yake ataambiwa hayo kila akigombana nawe.

Kwa hiyo Kirimi alituitikia sote, ndiyo, ndiyo, kisha akafanya lake.

Siku ilipofika nilikwenda na wazee wetu kwa gari. Mzee Hamisi naye alikuja, maana Kirimi alimwomba achinje ili na wageni Waislamu wapate kula. Tulipoingia boma la M'Rintari wanawake wanaimba, moshi unapanda, nami nikamwona fahali amefungwa kwenye mti wa mgrevilea. Wa rangi ya majivu, pembe moja imepinda. Nilimjua tangu akiwa ndama. Kirimi alikuwa amemswaga kwa miguu kando ya msitu, akizunguka vizuizi vyote, na kufika kwake alikuwa anajisifu.

Nikamvuta pembeni. "Kirimi, huyu si wa nyumbani?"

"Funga mdomo. Unataka niaibike kwa wakwe?"

"Kuna karantini!"

"Karantini ni ya wale wasiojua njia."

Akacheka. Alikuwa na kicheko kizuri kaka yangu, watu walimpenda kwa hicho. Nikageuka nikamwambia mmoja wa wazee wetu, naye akaniuliza kama nimekuja kumwoza ndugu yangu au kumshtaki. Sauti ya kijana mbele ya wazee ni kama mvua juu ya bati, inasikika lakini haiingii ndani.

Fahali alikuwa anatetemeka. Kila mtu alisema ni uchovu wa safari. Kisha akapiga magoti. Mahari ikifia uani kabla ya kisu ni mkosi mkubwa. Ndoa kama hiyo wazee hawaisimamii. Nikaona macho ya Kirimi yakizunguka. Akasema, "Mzee Hamisi, kisu. Wahi!"

Mzee Hamisi hakutoa kisu. Aliuliza tu, "Ng'ombe huyu ametoka wapi?"

Kirimi akainama kukaza kamba ya fahali.

"Nimeuliza ametoka wapi."

"Ruiri," nikasema mimi.

Akakunja kanzu yake kidogo, akarudi nyuma hatua. "Basi mimi sichinji."

Mzee M'Rintari alisimama. Alikuwa mtu mrefu, mpole, lakini siku hiyo alikuwa ameguswa. "Wewe Hamisi, umekuwa daktari?"

"Hapana, Mzee. Mimi ugonjwa siujui. Huenda ni uchovu kweli. Lakini mwenye kujua amesema ng'ombe wa Ruiri asitoke Ruiri, na huyu ametoka. Mimi nimekatazwa, basi."

"Serikali haikuja kula kwangu."

"Itakuja," akasema Mzee Hamisi. "Mkimla huyu, itakuja, na haitapiga hodi." Kisha akamgeukia Kirimi, na maneno haya nimeyabeba miaka yote: "Kijana, aibu ni ya siku moja. Ungemwambia mkwe wako ukweli asubuhi, angekasirika, na jioni mngekunywa chai. Wewe umemletea kifo kwa sababu uliogopa kununiwa."

Wakamfukuza. Nami nikatoka naye, tukaenda kukaa barabarani. Nyuma yetu nikasikia fahali akikoroma, na najua ni Kirimi mwenyewe aliyeshika kisu.

Walikula. Mutura ilipikwa, yaani matumbo yale yaliyojazwa damu ile, na mkwe akapewa kipande cha heshima cha kwanza. Majirani walibeba nyama kwenda nayo nyumbani kama kawaida ya karamu.

Sitakupambia maneno. Mzee M'Rintari alianza kutapika damu wiki ile ile, akafa kabla hawajamfikisha hospitali. Kirimi alitokwa na kidonda mkononi, hakiumi, katikati cheusi kama makaa, mkono ukavimba mpaka begani. Wengine waliugua na wakapona kwa dawa. Kirimi alipona pia, kama huko ni kupona.

Ndipo serikali ikaja, na haikupiga hodi. Amri ya kwanza ilikuwa imezuia ng'ombe. Ya pili ilizuia watu. Askari walizunguka boma la Kagendo, hakuna kutoka wala kuingia. Waliingia jikoni kwa majirani wakatoa nyama kwenye sufuria, wakaimwagia mafuta ya taa. Walichoma ngozi, wakachoma blanketi ya mama mkwe, wakachimba hata udongo wa pale alipochinjiwa fahali. Kahawa iliiva ikaanguka kwa kukosa wa kuichuma. Na Mzee M'Rintari, mtu aliyezika wenzake wote wa rika lake kwa heshima, alizikwa na watu waliovaa mavazi ya mpira, ndani ya mfuko, na chokaa juu. Mke wake alitazama kutoka dirishani. Hakuruhusiwa kumwaga hata konzi moja ya udongo.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Tulisema hilo tangu zamani, na bado tunaficha.

Miezi baadaye nilimsindikiza Kirimi Githongo kuomba msamaha. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekauka kama kijiti. Kagendo alikuja mpaka kwenye ua wa miti, hakufungua lango.

"Tulimpokea fahali wako," akasema. "Ukiweza kunirudishia baba, njoo unioe."

Akarudi kuchuma kahawa. Kirimi hakuoa tena, wala hakucheka tena kile kicheko mpaka tukamzika.

Sasa nisikilize. Juzi chifu ametangaza karantini tena, na nikakusikia hapo nje ukiwaambia wenzako ni njama ya kuwaua wafugaji kwa njaa. Sikuambii serikali ni malaika. Naijua. Ina kiburi, hupiga marufuku kama mtu anayefokea mbwa, ikisahau kueleza. Yule chifu juu ya jiwe angesema neno moja tu, kwamba nyama hii inaua mtu, pengine Kirimi angebaki nyumbani. Lakini nasi tulikuwa na midomo, hatukuuliza. Nenda kwenye baraza, simama, uliza kwa nini, uliza hadi lini, uliza mfugaji atakula nini. Bishana nao mchana, mbele ya watu, hiyo ni haki yako. Usibishane nao kwa kupitisha ng'ombe kichakani. Mwenye kuumizwa na njia ya panya si chifu. Chifu analala kwake. Anayeumia ni yule anayekupenda kiasi cha kula ulichomletea bila kuuliza.

Na ukiwa umeahidi kitu, sheria ikakizuia, mwambie uliyemwahidi. Mwambie mapema. Mwache anune.

Mungu akupe kifua cha kubeba aibu ya siku moja. Akupe masikio ya kusikia katazo na ulimi wa kuuliza sababu yake. Mifugo yako iongezeke, mlango wako usisimamiwe na askari, na mkwe wako azeeke mpaka achoke kuwabeba watoto wako.