Mchuzi Mwepesi wa Dada

Tulizaliwa watatu, na kila mmoja alifika Marekani na mchuzi wake wa samaki wa nazi. Sote tulidai tumeutoa kwa Mama, jikoni kwake kisiwani Mombasa. Kitindamimba, aliyekuwa akisoma chuo kikuu kule Amherst, karibu na Buffalo, alimimina mikebe miwili ya tui zito kwa samaki wachache, akakoroga mpaka mwiko ukasimama. Mimi nilikuwa Whitehall, Columbus, na wangu ulikuwa wa katikati kama mwenyewe: mkebe mmoja, nyanya, bizari, ukwaju kidogo. Dada yetu mkubwa, wa Louisville, alitia mkebe mmoja tu kwenye sufuria la kulishia harusi, akaongeza maji, ukwaju mwingi, na vichwa vitupu vya samaki. Minofu hakuitaka kabisa.

Tulikuwa na kundi la WhatsApp la watu watatu, na nusu ya maneno humo yalikuwa ugomvi wa mchuzi.

"Sista, hiyo si mchuzi. Hiyo ni soup," ndugu yetu alimwandikia.

Dada alinuna. Yeye ndiye aliyeshinda jikoni na Mama kabla sisi hatujazaliwa, na hakuona tulichokuwa tukimfundisha.

Mama alipopata viza, alianzia Buffalo. Alikula, akasema mtamu. Kwangu alikula, akasema mtamu. Dada hakutaka "mtamu" ya kugawiwa kila mtu. Alitaka Mama atamke, sisi tukiwepo, kwamba wake ndio wenyewe. Basi tukaendesha gari hadi Louisville, Mama, ndugu yangu na mimi, nikijua kabisa kwamba safari ndefu hiyo ni ya sahani moja ya wali.

Dada alipakua, akabaki amesimama. Mama alionja kijiko kimoja, akakiweka chini. Akageuza kichwa cha samaki, akakitazama.

"Mwanangu, huu si ule wa wakati baba yenu amefukuzwa kazi bandarini?"

"Ndio huo, Mama."

"Nazi moja tunaikamua hata machicha hayatoi kitu. Vichwa tunapewa bure sokoni." Alitugeukia sisi wawili. "Nyinyi hamkuwapo." Kisha akamrudia dada, sauti imekuwa kali. "Mbona ungali unaupika, na hapa samaki wazima wako tele? Miaka yote hii namwomba Mungu uusahau."

"Niusahau vipi? Uliniambia vichwa ndivyo vitamu," dada alisema. "Na kweli ni vitamu."

Mama akajifunika uso kwa ncha ya leso, akalia pale pale mezani. Ndugu yangu alijipakulia kichwa cha samaki. Mimi nilimwonea dada wivu. Mama huyo wa siku za dhiki alikuwa wake peke yake.